Wanawake Kumi na Mmoja Waliokula Kuku na Mama Yangu Mgonjwa

Wakuu, hamjambo.

Mama yangu alikula kuku kwa mara ya kwanza akiwa amepita miaka hamsini. Alimla mchana, nyumbani kwetu karibu na Khayega, akiwa na wanawake kumi na mmoja wa kanisa letu. Kilichomfikisha hapo ni kansa ya titi.

Nilikuwepo. Nitawaambia nilichoona, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu mpya, sijaolewa, nakaa nyumbani. Siku moja nilimkuta mama akijifunga leso kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili haukunyanyuka. Ndipo akanionyesha uvimbe.

Tukaenda hospitali mjini Kakamega. Walikata kipande kidogo, kikapelekwa Nairobi kupimwa, tukangoja wiki kadhaa.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Ni kansa, alisema, na titi lazima litolewe. Lakini damu ya mama ilikuwa chini mno. Akatupa mwezi mmoja: ale mayai, kuku na maini.

"Damu isipopanda siwezi kumpasua," aliniambia. "Na nisipompasua, unajua itakuwaje."

Mama alitembea mbele yangu hadi tulipokaribia nyumbani. Kisha akasema, "Mwalimu, huyo daktari wako hajui mimi nimezaliwa wapi?"

Kwa vijana wa humu: wanawake wa rika lake kwetu hawakula kuku wala mayai. Walifuga kuku, wakapika, wakawapakulia wanaume na wageni, halafu wao wakala obusuma, yaani ugali, na mboga jikoni. Sisi tuliopita shuleni tulikuwa tumeanza kula. Kanisa halikuwakataza hata kidogo. Ni mdomo tu uliokataa.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mama alisimama.

Eleweni kwamba siku zile ugonjwa kama huo ulifichwa. Watu wangeuliza umerogwa na nani. Yeye alishika titi lake mbele ya kanisa zima akasema, "Nina ugonjwa unaitwa kansa. Uko hapa. Daktari anataka nipate nguvu. Niombeeni."

Kisha Mama Yunia, kiongozi wa akina mama, akatoka kwenye benchi lake akaenda kusimama kando yake. Wengine wakafuata.

Kuanzia Jumatatu walikuja kwa vikundi. Walipalilia mahindi yetu, wakachota maji, wakaleta kuni.

Na kuku. Nilikuwa nimemwambia Mama Yunia maagizo ya daktari, kwa hiyo kila kikundi kilikuja na kuku. Baada ya wiki moja kuku walikuwa wamefungwa hadi chini ya kitanda changu.

Hapa ndipo kosa lilipoingia.

Kwetu, mgeni aliyekuja kukuombea haondoki na chai tupu. Mama, mgonjwa hivyo, aliamuru kuku achinjwe. Mzee wa kanisa alikuja na watu wanne: kuku. Kwaya ilikuja: kuku wawili. Niliona mwanamke kijana, wa rika letu tuliosoma, akileta kuku, akaketi, akaomba, na kabla hajaondoka akapakuliwa kuku yuleyule.

Mama alikuwa jikoni na obusuma yake na mrenda, amefurahi kwamba wageni wameshiba.

Wiki mbili zikaisha. Midomo yake ilikuwa imepauka kuliko siku ya hospitali.

Nikaenda kwa Mama Yunia. "Mama," nikamwambia, "mnakula dawa yake."

Alianza kucheka, halafu akaacha. "Kwani yeye anakula nini?"

"Mboga."

"Hata yai?"

"Kwani wewe, mama, unakula yai?"

Alitikisa kichwa. Ni kweli, hakuwahi. Kisha akasema, "Hatuwezi kumtuma peke yake mahali ambapo sisi wenyewe tunaogopa kwenda."

Alhamisi walikuja kumi na mmoja, yeye akiwemo, wote wa rika la mama. Hawakuleta kitu. Walisema niwapikie kuku, wamekuja kula, na nikikaribia na mboga watanifukuza.

Mmoja wao alikuwa senje wangu Rebeka, yaani dada ya baba. Huyo ndiye aliyekuwa akinicheka mimi na wenzangu: "Kuleni tu. Siku moja mtaamka mnawika." Aliketi karibu na mlango.

Mama Yunia aliomba kwa ufupi, akachukua paja, akauma. Akatafuna. Tukamtazama.

"Kumbe!" akasema. "Hiki ndicho wanaume walichokuwa wanatuficha!"

"Ndiyo maana kikiiva tunatumwa maji mtoni," mwingine akajibu. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika nyama bila kuipeleka mdomoni.

Baba alikuwa amesimama nje akisikiliza. Aliingia bila kukaribishwa, akatafuta ndani ya sufuria, akatoa firigisi. Kwetu hiyo huliwa na mwenye mji tu. Akaiweka kwenye sahani ya mama.

"Kula," akasema. "Mimi nimeshakula za kutosha." Akatoka.

Mama akala. Alikuwa akilia, lakini alikula.

Tangu siku hiyo kila mchana alikuja mmoja au wawili kula naye. Wageni wa maombi walipewa chai, na Mama Yunia akawaambia mlangoni, "Hapa ni chai tu. Anayetaka kuku arudi kwake."

Mwezi ulipoisha damu ilikuwa imepanda. Daktari aliitazama karatasi mara mbili. Mama akapasuliwa, akarudi nyumbani, akaishi miaka tisa kabla ugonjwa haujarudi. Sisemi kuku ndiye aliyempa miaka hiyo. Daktari alifanya kazi yake. Akina mama walimfikisha kwake.

Nilichojifunza ni kwamba mama alitangaza ugonjwa wake bila aibu, lakini alificha kile kilichomshinda. Kusema "mimi ni mgonjwa" kulikuwa rahisi kuliko kusema "chakula mnacholeta siwezi kukila." Ukiwa na mgonjwa kanisani kwenu, fuata ulicholeta uone kinaishia mdomoni mwa nani.

Waliouguza hapa, semeni: ni nini mgonjwa wenu hakuwaambia?

Nimalizie na jambo moja, kwa sababu niliahidi.

Senje Rebeka alichukua kipande chake siku ile, akakifunga kwenye pindo la leso, akaondoka nacho. Ndiye aliyekaa na mama wodini kila siku hadi aliporuhusiwa. Nilimuuliza kama alikila. Akasema, "Wewe umekuwa polisi?" Nikamuuliza tena alipozeeka. Akacheka: "Muulize mama yako." Mama alikuwa ameshakufa.

Senje naye tumeshamzika.

Juu huko kwenye kichwa nimeandika kumi na mmoja waliokula. Niliowaona wakila kwa macho yangu ni kumi.