Buti za Kituo cha Nyangumi

Nililetwa Dubai kufanya usafi. Karakana yetu ya Al Quoz hutengeneza vielelezo vya maonyesho, mifano midogo ya majengo na mahali, nami nilikuwa nikideki sakafu yenye vumbi la mbao huku roho inaniuma, maana vidole hivi vinajua kushona na kuchonga. Ilipoingia kazi ya mfano wa kituo cha wawindaji wa nyangumi, fundi mkuu, mzee wa Mombasa, akamwomba arbab wetu, yaani bosi, anijaribu. Arbab akakubali kwa sharti: mteja akiridhika nabaki mezani kwa mafundi, asiporidhika narudi kwenye ndoo yangu.

Kituo chenyewe kilikuwa cha zamani, kule kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu. Fundi alijenga jukwaa ambako nyangumi walivutwa kwa minyororo na kuchunwa, na matangi ya kuchemshia mafuta yao yawe ya taa na sabuni. Nyangumi wake alikuwa saizi ya kiatu changu, na nilimwonea huruma kweli.

Mimi nikapewa bweni la wafanyakazi. Wanaume wa mkataba, mbali na kwao, vitanda vya juu na chini: hapo sikuhitaji kuonyeshwa picha. Nikawatundikia mapazia vitandani, nikawaanikia soksi. Halafu nikachonga buti ndogo ndogo, nikazipanga nje ya mlango kama tunavyofanya kambini kwetu, tunakolala wafanyakazi.

Mteja, madam mwenye maonyesho, akaja kukagua. Alipoinama kutazama bweni, akakunja uso.

"Nani ameacha buti kwenye theluji?"

Nilitamani sakafu inimeze. Theluji yenyewe nilikuwa nimeimwaga kwa mkono wangu, wala sikuwaza kwamba kiatu kikilala humo, asubuhi kimekuwa jiwe.

"Ni mimi, madam," fundi akadakia. "Uzee huu, nisamehe."

Madam akaangua kicheko. "Ziingize ndani, karibu na jiko. Lakini bweni hili lina watu, hata kama siwaoni. Aliyelitengeneza anifanyie na ukumbi wa chakula."

"Aa, basi ni huyu dada," fundi akasema, akinisukuma mbele. "Mie nilikuwa nabeba lawama tu."

Hata arbab alicheka. "Khalas, kaa mezani," akaniambia. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka mbele za watu, na sikuona haya.

Jioni nilivua viatu mlangoni kambini, nikavipanga vizuri. Kisha nikapanga na vya wenzangu wote.