Udongo wa mlimani kwenye khanga ya mama

Leo nimemfokea mama kwa ajili ya udongo.

Jana nilirudi Temeke kutoka mgodini, kule mlimani tunakopima udongo na kuuchorea ramani. Sampuli nikazianika barazani juu ya magazeti, kila moja na lebo yake.

Asubuhi nakuta moja haipo.

"Mama, nani kagusa vitu vyangu vya kazi?"

Akafungua pindo la khanga. Udongo umo.

"Si umetoka kule alikolala kaka yako? Mie sikumzika, mwanangu."

Jamani. Kaka alifia kwenye mgodi uleule, wakamzika hukohuko kabla hatujafika.

Ila udongo ule ni wa upande wa pili wa mlima.

Nikamwambia, "Ndio, mama. Ni wa palepale kwake."

Nyie mngemjibuje?

Mie udongo nimemwachia, na hapo ulipotoka nimepaacha peupe kwenye ramani.