Marehemu Aliyefunga Ofisi Yetu

Kwetu Rumonge unaweza kuchelewa harusi, ukakuta wali umekwisha, na watu wakakucheka tu. Lakini ukikosa mazishi, hata wajukuu wako watakuja kuambiwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihukumu haraka, ingawa haki ya kunihukumu anayo.

Nilikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa michikichi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza vitabu vya mashamba. Kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake: shamba linaanzia wapi, linaishia wapi, na chini yake alama za vidole gumba, chake na vya majirani wanne waliotembea mpaka pamoja naye, mimi nikiwafuata na kalamu. Katika nchi ambayo watu wamekimbia wakarudi, wakakuta mti uliopandwa na baba una mwenyewe mwingine, ukurasa ule ulikuwa na thamani kuliko mawese yenyewe.

Kisha perezida wetu wa ushirika akaenda semina Bujumbura, akarudi na neno moja: modernite. Vitabu vyote vikapigwa picha, vikaingizwa kwenye kompyuta. Vile vya karatasi wakapewa wanawake wanaouza ndagala sokoni, wafungie samaki wao. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana vumbi la vile vitabu lilikuwa linanipa mafua.

Baadaye tukaletewa mtaalamu wa usalama wa data. Alituketisha kwenye hoteli kando ya ziwa, akatueleza kwamba wezi wa siku hizi hawavunji mlango. Wanakuandikia barua, na wewe mwenyewe unawafungulia. Wakishaingia wanafunga kila faili kwa ufunguo wao, halafu wanadai fidia. Akasema tusifungue barua ya mtu tusiyemjua, na nakala ya akiba ikae mbali, isiunganishwe na kitu chochote. Mhasibu wetu akanyoosha mkono.

“Na kama huyo mutu hatumujui, lakini amekufa?”

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka. Samaki wa mukeke wa kuchoma wakaletwa mezani, na elimu ikaishia hapo.

Diski ya nakala ya akiba tuliinunua kweli, ndogo, nyeusi. Ila perezida aliogopa isije ikaibwa, akaamuru ikae imechomekwa kwenye kompyuta siku zote.

Tangazo la msiba likaja Jumatatu asubuhi kwa barua pepe. Juu msalaba, katikati picha ya mzee aliyevaa tai, chini maneno ya familia yenye huzuni, na mahali pa kubonyeza ili kuona ratiba ya mazishi. Marehemu sikumjua. Lakini ni nani anayewajua marehemu wote? Labda ni mjomba wa mtu. Nikabonyeza. Ratiba haikutokea. Nikalaumu mtandao, kisha nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu hapa hukifanya hata kabla hajamaliza kusoma: nikawatumia wenzangu wote, ili habari ya msiba itoke kwangu kwanza.

Wote wakafungua. Mhasibu alikuwa ameshaanza kuandika orodha ya nani atapanda gari gani. Kabla ya saa sita mchana kila kompyuta ilikuwa na maandishi mekundu: faili zenu tumezifunga, lipeni. Diski nyeusi, kwa kuwa ilikuwa imechomekwa, ilifungwa pamoja na zingine.

Perezida aliwajibu wezi kwa barua ndefu. Alianza na pole za msiba, kwa sababu, alisema, huwezi kujua, labda kweli wamefiwa. Kisha akawauliza kama wanaweza kupokea wazee wawili watatu na kasha la bia, kama inavyofaa kwa watu waliokoseana. Wakamjibu kwa picha ya saa inayohesabu kurudi nyuma.

“Hawa hawakulelewa,” akasema perezida, na aliumia kweli.

Mtaalamu akarudi, akasema faili hazifunguki tena, na kwamba mlango ulifunguliwa na mtu mmoja wa kwanza. Sote tukatazama dari. Tangu siku hiyo wakaanza kunijia mmoja mmoja kwa siri, kila mtu akidhani wa kwanza ni yeye, na kwamba mimi niliituma tu bila kubonyeza. Mhasibu alileta mukeke wawili wabichi.

“Sekreteri, ni mimi nilifungua ile mesaji. Usiniseme, nakuomba.”

Nikamwambia Mungu husamehe. Perezida naye akafunga mlango, akanong'ona kwamba yeye alifungua mara mbili, na je, ni ya kwanza iliyoharibu ao ni ya pili? Nikamshauri asali. Samaki wa mhasibu niliwala. Walikuwa watamu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Gatete, mjane, mwanachama wetu wa siku nyingi.

“Amahoro, mwanangu. Nimefuata karatasi yangu. Shemeji yangu anasema ile michikichi ni yake, ati mpaka haukuandikwa hata siku moja. Alhamisi tuko mbele ya hakimu. Bila karatasi atanitoa mimi na wajukuu.”

“Mama, virusi imeingia mu mashini.”

“Dawa yake iko?”

“Hakuna, mama.”

“Basi nipe kitabu.”

Nikamwambia kitabu kilienda wapi. 

“Kidole cha bwana yangu munafungia ndagala?”

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikimbilia sokoni. Wale wanawake hawakukubali kuuza karatasi bila samaki, basi nikanunua ndagala siku mbili mfululizo, fungu baada ya fungu, nikikunjua kila karatasi. Nilipata mashamba ya Minago, nikapata nusu ya shamba la marehemu padri, nikapata maneno makali kutoka kwa mke wangu. Ukurasa wa yule mama sikuupata.

Alhamisi shemeji alikuja na koti jipya. Alisema kitabu hicho hakikuwapo kamwe, mjane amekiota. Hakimu akauliza ushirika unasemaje. Perezida akasimama, akaeleza kwamba hata mataifa makubwa yanashambuliwa, kwamba teknolojia ya wezi ni ya juu sana, kwamba tunasikitika. Kisha akaketi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

“Yuko mtu aliyekiona hicho kitabu kwa macho yake?” hakimu akauliza.

Perezida alinitazama kwa jicho la kusema kaa chini. Nilijua swali litakalofuata: kilipoteaje? Mama hakunitazama. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe nilikuwa nimeshakipokea kwa barua pepe. Nikasimama.

“Mheshimiwa, nilikiandika mimi. Kikaingizwa kwenye kompyuta, na ile barua ya wezi niliifungua mimi, kabla ya wote. Kisha nikawatumia wenzangu.”

Sauti ya mhasibu ikatoka benchi la nyuma:

“Mukeke yangu!”

Hakimu aligonga meza mpaka kicheko kikaisha. Akaamua twende shambani. Majirani watatu walikuwa hai bado, wakaja. Wa nne alikuwa amefariki, basi hakimu akanisogeza mimi mbele.

“Wewe uliyeandika, tuonyeshe mpaka.”

Nikasimama katikati ya michikichi, yote sawa kwa sawa. Sikukumbuka chochote. Mambo yale niliyaandika kitabuni ili nisiyabebe kichwani, na kitabu nacho nikakipigia makofi kilipoondoka. Shemeji akaanza kutabasamu. Mama akanishika mkono wa shati, akanivuta hatua kumi.

“Ulisimama hapa. Ukakanyaga muhogo wangu, nikakutukana, ukaandika ukiwa umenuna.”

Lile tusi likanirudia lote, na nyuma yake likaja shamba zima. Kutoka kwenye muhogo nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe mpaka kijitoni, na wale wazee watatu nyuma yangu wakisema ndiyo, ndiyo. Shemeji akavua koti. Hakimu akampa mama shamba lake palepale, akaniamuru niandike upya, nakala mbili, na vidole vikapigwa.

Nikanyoosha mkono nichukue nakala ya ofisi. Mama alikuwa ameshazifunga zote mbili kwenye fundo la kitenge.

“Hapana, mwanangu. Nyinyi munafungulia kila mutu. Mukiitaka, mutakuja kuiomba. Asante, murakoze.”

Kwa hiyo nakala ya akiba ya ushirika wetu iko Gatete, mbali, haijaunganishwa na kitu chochote, kama alivyotaka mtaalamu. Mwezi uliopita niliihitaji, nikapanda baiskeli nikaenda. Mama alinisimamisha mlangoni, mimi anayenijua miaka yote hii, akaniuliza jina langu, jina la baba yangu, na siku ile nilikanyaga nini.

Nikasema muhogo. Ndipo akanifungulia.