Maji ya Chokaa ya Mama Wanga

Kazini walimwita Mama Wanga, na mgeni aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza alikaza mwendo. Lakini hakuwa mwanga wa kuruka na ungo. Wanga wake ulikuwa wa kola na mashuka. Alifua na kupiga pasi nguo za hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akahamia kwa binti yake, kwenye nyumba yenye mashine ya kufulia na mkwe mwenye adabu kupita kiasi.

Adabu hiyo nusura immalize. Akishika ufagio: "Mama, pumzika." Akisogelea sinki: "Acha tu, mama, nitaviosha." Akapumzika mpaka mbavu zikamuuma.

Mkwewe alikuwa mpima ardhi. Sebuleni aliweka tangi la kioo refu kama kitanda, lenye maji ya chumvi, samaki wanne na matumbawe hai aliyoyalea tangu yakiwa madogo kama vifungo vya shati. Binti alisema tangi lile ni mke mwenza wake, na mke mwenza hamlishi. Kwa hiyo mpima ardhi alipopata safari ya kazi ya siku sita, alimwendea mama mkwe akikuna kisogo.

"Mama, samahani sana. Nina shida, ila naona haya kukusumbua."

"Sema, baba, kabla hujabadili nia."

Akamweleza. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke, chumvi ikabaki; kwa hiyo yanayorudishwa ni maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Ndani yake hutiwa chokaa, maana matumbawe hujenga mifupa yake kwa chokaa. Chini ya meza ya tangi palikuwa na tangi dogo lililounganishwa na kubwa, lenye boya. Maji yakishuka, boya nalo hushuka, na pampu huvuta maji ya chokaa kutoka kwenye pipa, tone kwa tone. Boya likipanda, pampu hunyamaza.

"Vijiko kumi vya chai, vya kusawazishwa, kwa lita ishirini," alisema mkwe. "Ukishakoroga, funika, yatulie usiku kucha. Tope la chini usilitibue. Pampu inywe maji maangavu ya juu tu."

"Baba, nimechanganya dawa za kufulia tangu hujaota meno. Glavu mkononi, kitambaa puani, poda ndani ya maji, si maji juu ya poda. Au nimekosea?"

Mkwe akacheka mpaka magego yakaonekana. Hakuwahi kucheka hivyo mbele yake.

Siku nne zilipita shwari. Kila asubuhi mama alisoma kipimo cha pH ya maji, kinachopanda chokaa ikizidi: nane nukta mbili, nane nukta tatu. Siku ya tatu pipa likakaribia kuisha, akachanganya jingine, na jioni ya nne akahamishia pampu humo. Asubuhi ya tano alitoka kuanika nguo zake kabla hajasoma kipimo, na aliporudi alikwama mlangoni. Tangi lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Samaki hawaonekani. Pampu ilikuwa inanguruma bila kupumua.

Alichomoa waya wa pampu ukutani kwanza, ndipo akasogelea kipimo. Kipimo kilisoma nane nukta tisa. Pipa aliloliacha limejaa lilibaki robo. Vijiko vilikuwa kumi, au kumi na viwili? Alihesabu huku akijisemesha. Miaka thelathini na mmoja hajaunguza shuka, leo ameunguza bahari ya watu!

Magadi yakizidi kwenye nguo alijua dawa yake: siki kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Lakini shuka halina roho. Akapiga simu.

"Baba, nimekuharibia."

"Wewe mzima, mama? Hukujimwagia?"

"Mimi mzima. Tangi ndilo jeupe pe."

"Umezima pampu?"

"Kabla sijakupigia."

"Basi, la muhimu umeshalifanya. Siki nyeupe ipo jikoni?"

"Ndiyo niliyotaka kukuuliza!"

"Vijiko vinne vya chakula, kwenye tangi dogo, taratibu. Fungua madirisha, hewa iingie. Ngoja nusu saa, pima, urudie kama bado. Usifanye pupa."

Alipiga magoti na tochi, akamimina kidogo kidogo. Hapo ndipo alipoliona boya. Juu yake alikuwa amekaa konokono, mmoja wa wale wanaokula ukoga wa kioo, mnene kama ngumi ya mtoto, amelididimiza boya chini kwa starehe zake. Pampu ilidhani maji yamekwisha, ikajaza tu.

"Baba! Konokono!" alipiga kelele kwenye simu. "Amelikalia boya!"

Upande wa pili kilisikika kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Huyo huyo, mama! Mwaka jana alinifanyia hivyo hivyo. Nikamficha mwanao, nikamwambia nasafisha tangi."

"Nami hapa nimejilaumu mpaka nimekonda!"

"Vijiko vyako viko sawa. Ningekuwa na shaka nisingekupa kazi hii."

Mama Wanga alikaa pale pale sakafuni, akashusha pumzi ndefu, akacheka peke yake mpaka machozi.

Saa sita kipimo kilisoma nane nukta nne. Jioni weupe ulikuwa umetua, na samaki wakajitokeza mmoja mmoja hadi wa nne. Kesho yake matumbawe yalifunguka, isipokuwa moja la pembeni, lililofifia likafa. Mkwe alisema lilikuwa gonjwa tangu zamani. Kama ni kweli au ni adabu yake, mama hakujua, lakini alilipokea neno lake.

Aliporudi, mkwe alizungushia boya wavu.

"Na hili pipa la lita ishirini la nini?" mama akauliza. "Nipe la lita tano. Hata ukikaa ukoo mzima wa konokono, hasara itakuwa ndogo. Nitachanganya kila siku, nipo."

Mkwe akalitazama pipa, akaenda stoo, akarudi na ndoo ndogo yenye kifuniko.

"Hii inafaa, mama?"

"Hiyo hiyo. Ioshe, baba. Mimi navaa glavu."