Mtu wa Karibu

Watu hudhani kazi ngumu ni kubeba zege. Haya, na wajaribu kukaa kando ya kitanda cha mtu aliyeambiwa kwamba dawa za kumponya zimekwisha, wamuulize habari zake, kisha wafunge mdomo. Kuuliza si kitu, hata kasuku anauliza. Kufunga mdomo ndiko kunakowashinda watu, na Mama Maswali alikuwa bingwa wa kufunga mdomo.

Jina hilo alibandikwa na wagonjwa kwa utani, likamganda. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini iliyomfanya mtu asogee kidogo ili amsikie. Hospitali kubwa ilikuwa na utafiti wake, na watafiti walitaka kusikia kutoka kwenye vinywa vya wagonjwa wa saratani wenyewe jinsi wanavyohudumiwa mpaka siku zao za mwisho. Wangapi wamepona na wangapi wamekufa, hesabu hizo wanazo wengine. Hawa walitaka maneno. Ulipoambiwa ugonjwa umesambaa, ulikuwa umekaa wapi? Nani alikuwa pembeni yako? Maumivu yakikukamata, unamwita nani? Mama Maswali alikwenda majumbani na rekoda ndogo mkobani, akauliza, akasikiliza. Na usidhani ni porojo. Wagonjwa wengi walipokwisha kusimulia walivyopewa habari mbaya wakiwa wamesimama kwenye korido, wapita njia wakiwapiga vikumbo, hospitali ilitenga chumba chenye viti viwili na mlango. Mlango tu, utasema. Kamuulize aliyelilia kwenye korido kama mlango ni kitu kidogo.

Kazini alikuwa hivyo. Nyumbani kwake, tusidanganyane, palikuwa pakavu. Mumewe alikufa kwa ugonjwa uleule anaozunguka kuuulizia, na mtoto wake wa pekee alikuwa kazini mbali, akipiga simu huku anatembea. Mama Maswali alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala kiporo mpaka kikamchosha. Redio aliiwasha ili ndani kuwe na mtu anaongea, wala hakujua inasema nini. Jumapili alizichukia kwa moyo wake wote. Siku za kazi angalau kulikuwa na mlango wa kubisha hodi, na mtu ndani wa kumwambia karibu.

Sasa, utafiti una sheria zake. Kila mgonjwa hutembelewa mara tatu. Mara ya mwisho anaombwa amtaje mtu wake wa karibu, yule anayejua mgonjwa akilala anageukia upande gani, ili mgonjwa akishafariki na msiba ukipoa, mtu huyo naye ahojiwe. Akishatajwa, mtafiti anaaga na harudi tena. Yeye si ndugu, si muuguzi, si shoga wa mtu. Ni msikilizaji, basi.

Ndipo akakutana na Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa cherehani, mwanamke aliyemzidi Mama Maswali chumvi za kutosha, akiishi chumba cha nyuma ya kibanda chake cha kushonea. Saratani ilianzia kwenye titi, titi likakatwa, ikahamia kwenye mifupa. Cherehani alikwisha kuifunika shuka, lakini ulimi wake haukuwa na kifuniko. Hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa na wapwa, nao walikuja mara mojamoja wakasimama mlangoni kama watu wanaosubiri kuitwa usaili. Jirani wa kike ndiye aliyemletea uji asubuhi akiwa njiani kwenda kwenye shughuli zake. Siku ya kwanza Fundi alimtazama mgeni wake kuanzia juu hadi chini, akamwambia aliyemshonea ile sketi alistahili kufungwa. Mama Maswali alicheka mpaka akasahau kuwasha rekoda.

Ziara ya pili walizungumza dawa za maumivu. Fundi alisimulia jinsi alivyolazwa wodini akaomba dawa, akaambiwa avumilie mpaka saa yake ifike, naye akawajibu kwamba maumivu yake hayakufundishwa kusoma saa. Maneno hayo yalipofika ofisini yalisomwa kwenye kikao na wakubwa wakayajadili.

Ziara ya tatu Fundi alimpokea na methali. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina, mdogo wangu. Shika sindano." Akamtupia gauni lililobaki pindo. Mama Maswali akawa anauliza huku anashona, na Fundi anajibu huku anamfumua kwa maneno kila alipokosea. Walipofika kwenye swali la mtu wa karibu, Fundi ghafla akachoka. Akasema hilo wataliongea siku nyingine.

Mama Maswali akaenda kwa mkuu wa utafiti, mwanamke aliyeitwa Daktari ingawa udaktari wake ulikuwa wa vitabu na si wa sindano, mpole, wa umri wa kuwa binti yake. Akamwambia mahojiano hayajaisha. Daktari akamruhusu arudi. Ziara ya nne ikaishia palepale. Ya tano vilevile. Mwenye macho haambiwi tazama: Fundi alilificha lile jibu makusudi, maana akilitoa tu mgeni anakwenda zake. Na Mama Maswali, mtu mzima na akili zake, aliliacha swali hilo mwishoni kabisa, akaliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe. Kila mmoja alimjua mwenzake na kila mmoja akajifanya hajui. Walikuwa wanadanganyana mchana kweupe, na walifurahi.

Kumbe Daktari alikuwa akizisikiliza zile rekodi moja baada ya nyingine. Siku moja akamwita Mama Maswali ofisini, akafunga mlango, akamsikilizisha kipande. Sauti iliyokuwa ikizungumza ni ya Mama Maswali mwenyewe. Alikuwa akieleza alivyotoka wodini mara moja kumnunulia mumewe maji ya kunywa, akarudi akakuta kitanda kimetandikwa upya. Fundi ndiye aliyeuliza maswali, taratibu, na pale pa kunyamaza akanyamaza.

"Mama," Daktari akasema, "huyu mgonjwa anakuhoji wewe."

Aibu ilimshika akakosa pa kuweka mikono. Daktari hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alimweleza kwamba mtafiti akishavuka mpaka, hawezi tena kuendelea na kazi hiyo. Ndivyo walivyokubaliana wote tangu mwanzo. Aende mara moja tu, achukue jina, aage vizuri. Mama Maswali aliitikia kwa kichwa. Aliwaza kwamba akiachishwa kazi hii, wiki nzima itakuwa Jumapili. Hofu hiyo ndiyo aliyoibeba mpaka kwa Fundi.

"Dada, leo lazima nipate jina," akasema, hata kabla hajakaa.

Fundi aliitazama rekoda pale kitandani. "Niandike wewe."

"Haiwezekani. Mimi ni mtafiti."

"Hilo nalijua. Umeniuliza nani yuko karibu, hukuniuliza anafanya kazi gani."

"Si yupo mpwa wako mkubwa?"

"Mpwa wangu hajui hata titi lililokatwa ni lipi."

Mama Maswali alijua. Lilikuwa la kushoto, na kovu lake huwasha hewa ikibadilika, ndiyo maana Fundi huweka kitambaa laini chini ya nguo. Alijua yote hayo, na bado akasema sheria hairuhusu. Fundi akageukia ukutani, akamwambia, basi sema hakuna.

Mama Maswali ni mwanamke aliyejua kungoja kimya cha mtu mpaka kizae. Siku hiyo hakungoja. Aliinama kwenye rekoda akasema: mtu wa karibu, hakuna. Akazima, akaaga, akatoka. Mimi ningekuwapo ningemvuta sikio mpaka lirefuke. Lakini nani kati yetu hajawahi kuogopa nyumba yake mwenyewe?

Siku zilizofuata alikwenda kwa wagonjwa wengine, akauliza, akaitikia, na neno halikumwingia. Jumapili ilipofika aliwasha redio, akaizima, akaketi ukingoni mwa kitanda. Roho ilimsuta. Mwishowe alivaa viatu, mkoba akauacha ukutani, akatoka. Kwa Fundi alikuta kufuli. Jirani wa uji akamwambia mgonjwa alizidiwa juzi, wamempeleka hospitali, na yeye hakuweza kwenda naye kwa sababu ana watoto wadogo.

Wodini alimkuta muuguzi wa zamu, mwanamke mwenye haraka lakini asiye na ubaya. Akamwambia mgonjwa yupo kitanda cha dirishani, hali si nzuri. Walimuuliza wampigie nani simu, akasema hana mtu. "Na wewe ni nani yake?"

Ofisi ya Daktari ilikuwa kwenye jengo hilohilo, ghorofa ya juu. Na hospitalini, maneno hupanda ngazi haraka kuliko watu. Mama Maswali aliyajua hayo yote.

"Mimi ni mdogo wake," akasema.

Muuguzi akamletea kiti, basi, hakuna zaidi.

Fundi alikuwa amekwisha mwili, midomo imekauka. Mama Maswali alichovya pamba kwenye maji akaanza kumlowesha. Fundi akafumbua macho. Alimtambua, lakini alidhani amekuja kikazi.

"Nimeshasema hakuna, mdogo wangu," akanong'ona. "Nini tena?"

Maneno hayo yalimkata maini. "Leo sina swali, dada. Nilikosea kusema vile. Mtu yupo."

Fundi alikuwa amekwisha kuyafumba macho. Kama alisikia au hakusikia, Mama Maswali hakujua, na mpaka leo hajui. Fundi hakusema tena. Mama Maswali alibaki pale, akatoka kuoga tu na kurudi. Alimgeuza, akamfuta, akamwekea kitambaa laini upande wa kushoto, na dawa ilipochelewa alimfuata muuguzi akamsimamia mpaka ikaja. Fundi alikata roho alasiri moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa mtu. Wapwa walifika kwenye mazishi, wakalia sana.

Baada ya maziko Mama Maswali alipanda ngazi mwenyewe kabla hajaitwa, akamweleza Daktari kila kitu na kumkabidhi rekoda. Daktari aliigeuzageuza mkononi. Akasema sheria ni sheria, kazi hiyo ndiyo imeisha, na kwamba anasikitika. Mama Maswali akaitikia kwamba anajua. Akateremka, akaenda nyumbani, na zile Jumapili zake zikaanza, moja nyuma ya nyingine, kama alivyoogopa.

Msiba ulipopoa, mlango wake ukagongwa. Alikuwa Daktari, peke yake. Alikaribishwa kiti, akakataa chai, kisha akaikubali. Alisema kwenye ule utafiti kila marehemu amepata mtu wa kumsemea isipokuwa mmoja. Akaiweka rekoda mezani, akaiwasha, akauliza lile swali la kwanza ambalo Mama Maswali amewauliza watu wengi kwenye nyumba nyingi, na ambalo kila mara alishangaa moyoni kwa nini wanachelewa kulijibu.

"Wewe ulikuwa nani kwa marehemu?"

Daktari hakutazama saa. Alifunga mdomo, akangoja.

"Alinitaja, nikakataa," Mama Maswali akasema. "Anzia hapo, mwanangu."