Muhali Wangu na Wimbo wa Genadi

Kuna alasiri moja ya Alkhamisi ambayo nnaikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie. Nilikuwa nimejifungia katika stoo ya vitambaa vya meza, kwenye hoteli moja ya mtaa wa Qurum, hapa mjini, ambayo siku hizi imegeuzwa ofisi. Kijana wa miaka ishirini na sita, tai shingoni, nimekaa juu ya furushi la mashuka nikimkimbia Mrusi mmoja. Hakunitukana, wala hatukugombana. Nilimwahidi jambo, basi.

Tukimwita Genadi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msimamizi wa ukumbi wa chai. Yeye aliletwa kwa mkataba kupiga piano kila alasiri, nyimbo laini za wanywaji chai, bila kuimba. Mrefu, mkondefu, nywele za mvi kazifunga nyuma kwa mpira. Wahudumu wakimcheka, na mimi nilimcheka pia, mpaka siku aliponisimulia habari zake kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

Kwao, ujanani, alikuwa mwimbaji wa muziki wa roki. Kazi yake ilikuwa kuchochea makaa kwenye tanuri la kupashia majumba joto, na humo humo yeye na wenzake watatu wakifanya mazoezi, kwani pengine popote wangefukuzwa. Nyimbo zao redioni hazikupigwa. Watu walizinakili kanda kwa kanda, nyumba kwa nyumba, kama sisi tulivyonakili kanda za taarabu kutoka Unguja mpaka inabaki mikwaruzo. Baadaye wakubwa wa serikali wakalegeza marufuku, akaimba katika uwanja wa mpira uliojaa pomoni. Miaka mitatu tu. Nchi ikavunjika, watu wakataka nyimbo nyingine, mpiga ngoma wake akafa kwa ulevi, mkewe akaondoka na mtoto mchanga. Alinieleza yote hayo bila kunung'unika, akikoroga chai ambayo hakuinywa.

Kisha akaniomba kitu. Daktari kaona uvimbe kooni mwake. Akirudi kwao atapasuliwa, na sauti huenda isirudi. Kabla ya hapo binti yake, Vera, wa miaka saba, angekuja kumtembelea. Kulikuwa na wimbo aliomtungia alipozaliwa, hajawahi kuurikodi wala kumwimbia.

"Nataka niuimbe hapa, mbele ya watu," aliniambia. "Chumbani kila mtu anaimba. Nataka mwanangu anione nilivyokuwa."

Ruhusa alikuwa nayo meneja, na wa kumwuliza meneja ni mimi. Meneja alikuwa mkali, hataki kuimbwa ukumbini. Nilijua moyoni kuwa sitamwuliza. Lakini unawajua watu wetu, mwanangu. Kumwambia mtu hapana usoni tunaona muhali, tunaona haya kumvunja moyo. Nikamshika bega. "Inshaallah, rafiki yangu. Alkhamisi. Niachie mimi." Jumapili akaniuliza, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Jumanne akaniuliza tena, nikamwagizia keki.

Alkhamisi akaja na koti lake la ngozi la zamani, linampwaya, na gitaa mkononi. Vera kakaa meza ya mbele, nywele kasukwa mikia miwili. Genadi alikuwa akinitafuta kwa macho nimpe ishara. Ndipo nikaingia stoo. Nilimsikia nyuma ya mlango akipiga nyimbo zake za chai, moja baada ya nyingine, na kila akimaliza moja anasita, ananisubiri. Saa kumi na mbili akafunika piano. Kesho yake mtoto akapanda ndege, na wiki mbili baadaye baba yake naye akaondoka. Siku ya kuagana alinipa mkono akasema, "Asante kwa kujaribu."

Hayo maneno yalinichoma. Na meneja alipoulizia lile gitaa, nikamweleza. "Wimbo mmoja tu?" akashangaa. "Ungeniambia. Ningekuja kuusikiliza."

Nikaenda mtaa wa Wattaya kwa Ami Nasor, ndugu yake babu yako. Yeye alikuwa mpiga fidla Unguja, na fidla yake ilibaki huko alipotoka kuja huku. Nilitaraji atanipoza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Salim, mimi nshaambiwa hapana mara nyingi. Inauma, unalala, unaamka, unatafuta njia nyengine. Weye hata hiyo hapana hukumpa. Angelijua, angelimchukua mwanawe akamwimbie pwani hapo, mbele ya watu wanaotembea."

"Niliona muhali, Ami."

"Hukumwonea yeye muhali. Umejionea nafsi yako, usiuone uso wake ukisawijika. Na jina la Mwenyezi Mungu ukalitia humo humo."

Miaka ikapita. Nikawa muuza magari, huko huko Wattaya. Siku moja akaingia msichana mrefu, si mnunuzi. Alikuwa Vera, kanitafuta kupitia wahudumu wa zamani. Baba yake alifariki, baada ya kuishi miaka akinong'ona. Kanda zake za ujana watu wanazo, lakini wimbo wake Vera haumo.

"Aliniambia siku ile ataniimbia," akasema. "Mbona hakuimba?"

Ulimi wangu, mwanangu, ulikuwa umeshaandaa uongo mzuri, kwamba koo lilimzidi siku ile. Angeondoka ametulia. Nikamkumbuka Ami, nikamwambia kweli yote, mpaka stoo na mashuka.

Aligeuka akayatazama magari. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilidhani aliniona, akaona sistahili kuimbiwa."

Nililia pale mbele ya wateja, mtu mzima na ndevu zangu. Hakunifariji. Aliomba tu nimpeleke Qurum, nami nikampeleka. Ukumbi wa chai ulikuwa umejaa meza za makarani. Nikamwonyesha palipokuwa na piano, akasimama hapo, mkoba kaukumbatia kifuani, mpaka mlinzi akaja kutuuliza tunatafuta nini.

Jana nilikusikia kwenye simu ukimwambia mwenzio, "Inshaallah, niachie mimi," kisha ukakata, ukacheka, ukasema huendi kokote. Ndiyo maana leo nimekuita ukae. Ukisema inshaallah, inuka ukaanze kulifanya jambo lenyewe. Kama huliwezi, mwambie mtu huliwezi, mtazame usoni, na uvumilie atakavyokunja uso. Atakasirika siku mbili. Mimi Genadi hakunikasirikia hata kidogo, akanishukuru, na shukrani yake nnayo mpaka leo.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mkweli na moyo wa kuustahimili ukweli huo, na kila anayekusubiri asikusubiri bure. Haya, ichukue simu yako. Mpigie mwenzio.