Shule ya Juu na Shule ya Bondeni

Msimamizi wangu pale hotelini Al Barsha, huku kwa Waarabu, alikuwa mtu wa kwetu kabisa, wa kata moja na mimi. Laiti angetoka nchi nyingine, huenda tungeelewana. Kata yetu ina sekondari mbili za serikali. Yeye alisoma ile ya juu, karibu na barabara ya lami. Mimi nilisoma ya bondeni. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ya juu iko mbele na sisi tuko mkiani.

Mimi nilisafisha vyumba. Yeye ndiye aliyetupangia ghorofa. Mwaka ule matokeo yalitoka tukiwa kwenye basi la kampuni, tunarudi kwenye mabweni yetu Al Quoz baada ya zamu ya asubuhi. Alisimama katikati ya viti akasoma kwenye simu. Alianza na shule yake, kisha akashuka kwenye yetu polepole, kama anayetangaza msiba. Wakenya na Waganda, ambao kata yenyewe hawaijui, walicheka kwa kuwa msimamizi amecheka. Akawaeleza kwamba bondeni watoto hufuata uji tu.

Mdogo wangu wa kike alianzia kidato cha kwanza katika shule hiyo hiyo ya juu. Alipokaribia kidato cha nne, mkuu wa shule alimwita mama, akamwambia binti huyu ataishusha shule. Ama arudie darasa, ama atafutiwe kwingine. Hakuwa peke yake. Waliotolewa walipokelewa bondeni, wakafanyia mtihani huko, na kufeli kwao kukahesabiwa bondeni. Mdogo wangu alipata sifuri, miaka michache kabla ya siku ile ya basi.

Nikamwambia msimamizi mbele ya basi zima, "Kaka, hao wanaofeli kwetu wengine ni wa kwenu. Kila mwaka mnawafukuza mtihani ukikaribia. Mdogo wangu ni mmoja wao."

Nilitegemea akane. Hakukana.

"Mchele hauuzwi na makapi yake," alisema, akakaa.

Kuanzia hapo nilipangiwa ghorofa za familia zinazokaa muda mrefu, ambako zulia linanuka maziwa na bafu halina pa kukanyaga. Sikulalamika, ila salamu yake niliacha kuiitikia. Mlinzi mmoja Mganda, mtu wa kanisani, alijaribu kutupatanisha. Alisema mambo ya shule za nyumbani yaishe, khalas, hapa wote ni vibarua. Nikamjibu kwamba aliyeitwa makapi si ndugu yake.

Haikuishia kwetu wawili. Msimamizi alipeleka nyumbani habari za yale niliyosema kwenye basi, na haikupita muda mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa ameanza kushona nguo sokoni, na wateja walikuwa wakimwuliza kama ni yeye yule aliyepata sifuri.

"Dada, usinitaje tena huko," alisema. "Nilikuwa nimeshasahaulika."

Nikamwahidi. Lakini chuki yangu kwa msimamizi haikupungua. Nilimchukia mara mbili, kwa ajili ya basi na kwa ajili ya soko.

Baadaye msimamizi alipata kazi hoteli nyingine. Siku ya kuaga alizunguka stoo ya mashuka akimpa kila mtu mkono. Alipofika kwangu alinyoosha wake, akasema, "Yalla, haya, dada, tusameheane." Nilikuwa nakunja shuka. Niliendelea kukunja mpaka akaondoka.